Lita 48,000 za mlenda

Bwawa la shangazi lilikuwa limeshapita hatua ya kuitwa chafu. Lilikuwa mlenda. Ukitupa jiwe husikii "chubwi", linadidimia kimyakimya kama limeangukia uji, na mawimbi yenyewe yanachoka kabla hayajafika ukingoni. Vyura walianza kazi baada ya magharibi na kutoka zamu alfajiri. Mume wangu akawa analala na feni imewashwa hata siku za baridi. Si kwa ajili ya hewa, kwa ajili ya kelele.

Nyumba ipo Mbezi Beach, upande wa chini wa Barabara ya Bagamoyo, ule wa baharini, ambako mwezi wa nne ukichimba shimo la mgomba unakuta maji yamekutangulia. Marehemu anko, mume wa shangazi, alilijenga bwawa mwaka 1996: mita 8 kwa 4, kina mita 1 upande wa watoto na mita 2 upande wa wakubwa. Mimi na binamu zangu likizo zetu zote ziliishia humo. Anko alipofariki, shangazi akahamia Tanga kwa mwanawe wa kwanza, sisi tukaja kukaa ili nyumba isibaki tupu. Mwezi wa pili tu, mota ya kichujio ikaungua. Mota mpya tukaiweka kwenye bajeti ya mwezi ujao, ada za shule zikaila. Mwezi uliofuata vilevile. Mimi ambaye kazi yangu ni uhasibu nikashtuka siku moja kwamba huo "mwezi ujao" umefika wa 14.

Aliyeniamsha ni jirani wa ukuta wa kulia, mama mtu mzima mwenye kisima uani na maneno ya kupima. Alinikuta getini nikifungua mlango wa gari.

"Jirani, hujambo?"

"Sijambo mama, shikamoo."

"Marahaba. Na mbu wako hawajambo? Maana wanashinda kwako, wanalala kwangu."

Niliingia ndani uso umenishuka. Dengue naijua, ilinilaza mwaka 2019 wakati imetapakaa Dar, na ule uchungu wa nyuma ya macho simwombei hata adui. (Bwana afya niliyemuuliza baadaye alinisahihisha: yule mbu wa dengue, mwenye madoa meupe miguuni, anapenda zaidi vitu vidogo kama makopo, matairi na vifuu. Bwawa la mlenda ni makazi ya wale wengine, wa kelele za sikioni usiku. Lakini pembeni ya bwawa nilikuwa na ndoo tatu na tairi la bembea, kwa hiyo nilikuwa nawafuga wote.)

Basi mwisho wa Aprili nikampata kijana mwenye pampu ya petroli, kazi yake kunyonya maji kwenye misingi ya nyumba zinazojengwa. Akalitazama bwawa, akatema mate pembeni, akasema: "Dada, kesho saa nane mchana hili kavu. Laki na nusu." Nikaona bei nzuri. Nikampigia shangazi, kumpa tu taarifa kama adabu inavyotaka.

"Mvua huko vipi?" akauliza kabla sijamaliza.

"Inanyesha tu shangazi, tangu Jumapili."

"Basi mwambie huyo kijana akunje mpira wake arudi kwao. Usithubutu kutoa maji humo mwezi huu. Bwawa litapanda."

Nilidhani sijasikia. Litapanda kwenda wapi? Ndipo akanisimulia. Mvua za El Niño, mwisho wa 1997 kuingia 1998, kuna mtu mtaa wa pili alikausha bwawa lake apige rangi. Usiku watu wakasikia mlio kama gari limegonga ukuta. Asubuhi upande wa kina kirefu umenyanyuka shubiri nzima juu ya sakafu, mabomba yamekatika, marumaru zimepasuka mstari mrefu kama chapati iliyokauka. Mwenye nyumba hakulirudisha. Alijaza kifusi, akapanda michungwa.

Usiku ule sikulala, nikachukua karatasi. Jambo lenyewe mtoto wa darasa la nne anaweza kulionja: chukua ndoo tupu, isukume ndani ya pipa lililojaa maji, uone inavyokurudishia mkono. Bwawa ni ndoo hiyo. Pipa ni ardhi ya Mbezi Beach wakati wa masika. Kinachoifanya ndoo itulie ni maji yaliyomo ndani yake, na mimi nilikuwa nataka kuyatoa.

Kwa hesabu ni hivi. Sakafu ya bwawa letu ni zege la sentimita 20. Zege uzito wake ni kama tani 2.4 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kila mita moja ya mraba ya sakafu inabonyeza chini kwa takriban nusu tani. Maji ya ardhini nayo yanasukuma juu: kila mita moja yanayopanda kupita chini ya zege ni tani nzima kwa mita ya mraba. Nusu tani kushuka, tani nzima kupanda. Kuta zinasaidia kidogo, lakini hata bila kuwa mhandisi, leja hiyo haifungi.

Swali likabaki moja: maji ya ardhini yapo kimo gani? Na jibu lilikuwa upande wa pili wa ukuta, kwa yule yule mama niliyempelekea mbu.

Nilienda na sahani ya vitumbua. Tukatengeneza kamba ya katani, tukaifunga nati kubwa ya lori mwishoni, kisha fundo kila sentimita 20. Unaishusha kisimani mpaka nati igonge maji, unahesabu mafundo mpaka usawa wa ardhi. Siku ile ya kwanza: fundo la 4. Sentimita 80 tu! Chini ya zege letu upande wa kina kirefu ni kama mita 2 na sentimita 35 kutoka juu. Maana yake maji yalikuwa yamepanda zaidi ya mita 1 na nusu kupita pale. Yule kijana na laki na nusu yake angenipandishia meli.

Kwa hiyo tukangoja. Mama jirani akaipenda ile kamba kuliko mimi, kila Jumatatu ananitumia ujumbe: "Fundo la 5." "Bado la 5." "La 6 na nusu." Wanae wakubwa walimcheka, hakujali.

Kuhusu mbu, watu walinishauri mafuta ya taa juu ya maji. Yanafanya kazi, viluwiluwi vinakosa pumzi. Lakini fikiria mbele: siku ya kukausha utakuwa na lita 48,000 za maji yenye mafuta, na hakuna atakayekubali yapite kwake. Nikanunua vifaranga 40 vya perege kwa mfugaji mmoja wa Bunju, nikavimwaga humo. Baada ya wiki mbili tatu mama jirani akanipigia yeye mwenyewe kusema amelala bila chandarua kwa bahati mbaya na hakuumwa.

Katikati ya Septemba kamba ikasoma fundo la 10. Mita 2. Nikamwita fundi.

Huyu fundi ni mtu wa miaka sitini na kitu, amezeeka kwenye mabwawa ya hoteli za Kunduchi. Ana tabia ya kutembea ukingoni mikono mgongoni, haongei, anazunguka mara mbili kama anakagua kaburi. Alipomaliza aliniuliza: "Mama, kwani lazima tuyatoe?" Nikashangaa, kazi naleta mwenyewe anaikataa. Akanieleza kwamba bwawa la kijani kwa kawaida halikaushwi. Unapiga klorini ya kutosha, unasugua, unachuja usiku na mchana, linarudi. Kukausha ni mwisho wa maneno: marumaru zinataka kurekebishwa, au uchafu umekaa chini hata sakafu huioni, au maji yamechoka. "Maji yanachokaje?" Akasema vile vidonge vikubwa vya klorini vina dawa inayoikinga klorini isiliwe na jua. Klorini inatumika inaisha, ile dawa inabaki. Jua likivukiza maji, yenyewe haivukizwi. Mwaka hadi mwaka inajilimbikiza mpaka klorini unayotia inakuwa kama imefungwa mikono, na hakuna kemikali ya kuiondoa kirahisi, ni kumwaga maji na kutia mengine. Kwetu yote matatu yalikuwepo, na kichujio hakuna. Akakubali.

Kabla ya pampu tulihangaika na jambo ambalo watu wengi hulikumbuka maji yakiwa yameshafika kwa jirani: yanakwenda wapi? Shimo la choo hapana. Ukilimwagia tani 48 litakurudishia kila ulichowahi kulipa. Barabara yetu ni ya mchanga, ingekatika. Bahati maji yetu hayakuwa na klorini hata chembe (yangekuwa nayo, ni kuyaacha juani siku kadhaa mpaka iishe, la sivyo unachoma mimea). Migomba ya mama jirani ikapewa haki ya kwanza, kwa sababu zinazoeleweka. Mwenye kiwanda cha tofali pale kona alikuja, akachungulia, akatikisa kichwa: ya kuchanganyia saruji hapana, mwani unaua tofali. Ila za kumwagilia zile zilizokwisha kufyatuliwa, sawa. Akachukua matangi mawili ya lita 5,000. Yaliyobaki tuliyaelekeza kwenye mtaro mkubwa taratibu, mjumbe akiwa na taarifa.

Jumamosi saa moja asubuhi fundi akashusha pampu ya umeme, ya kuzama, kwa kamba ya nailoni. Kijana wake alitaka kuishika kwa waya akapigwa kofi la mkono: "Huo ni waya wa umeme, si mpini wa ndoo!" Amri ya pili: plagi ikiwa ukutani, hakuna mtu ndani ya maji, hata kidole. Watoto wangu wakawekwa kwenye kibaraza na mlinzi wao, na mlinzi akawekewa mlinzi, ambaye ni mimi. Bwawa tupu lina hatari kuliko lililojaa. Kwenye maji unaweza kuogelea. Kwenye zege la mita 2 chini unavunjika.

Mpira wa inchi 2 ukajaa, ukanyooka kama chatu aliyeshtuka, na mlenda ukaanza kusafiri. Kwa saa nzima huoni lolote. Kisha inatokea alama nyembamba ya unyevu ukutani, upana wa kidole, ndipo unaamini. Tulikuwa tunatoa kama lita 8,000 kwa saa. Nusu ya maji ilipoisha fundi akazima kila kitu, akaenda kupima kisima, akarudi akakaa nusu saa anakunywa chai akitazama kona za bwawa, pale sakafu ya nje inapokutana na ukingo. Anatafuta ufa mpya. Hakuna. Washa.

Saa nane maji yakawa magotini upande wa kina kirefu, na yakaanza kuruka. Perege! Watoto wakapiga kelele mpaka mtaa ukajaa ukutani. Tulivua kwa tenga na chandarua kilichochanika. Wakubwa walikuwa 26, wa kiganja, na wadogo wasiohesabika waliozaliwa humohumo. Nilinunua 40. Hao 14 nadhani hesabu zao anazo yule mdiria wa buluu aliyekuwa anakaa juu ya waya wa nguo kila asubuhi. Fundi akasema yeye halaji samaki wa mlenda. Mlinzi wetu akasema yeye halagi samaki wa kuchagua. Akaondoka na ndoo.

Chini kabisa kulikuwa na tope jeusi, kimo cha kiatu, majani ya mwembe yameoza mpaka yamebaki mishipa tu. Plagi ikatoka, tukaingia na makoleo. Na hapa kwenye tundu la kutolea maji, chini ya kile kifuniko cha vitundu, ndipo fundi alipokasirika kweli. Bwawa la namna hii linatakiwa liwe na vali pale chini: maji ya ardhini yakizidi nguvu, inafunguka yenyewe, yanaingia ndani badala ya kunyanyua sakafu. Anko aliiweka. Aliyekuja kupiga marumaru miaka ya baadaye, simjui na simtaki, aliiziba na saruji, kwa sababu ilikuwa inamchuruzikia akiwa kazini. Miaka yote hiyo tulikuwa tunaogelea juu ya mlango uliofungwa kwa nje.

Fundi alipiga magoti na bisibisi na nyundo ndogo, anagonga taratibu kama daktari wa meno. Dakika ishirini hivi. Kipande cha saruji kikatoka na kutoa mlio wa kizibo, na maji yakaja. Hayakuruka, yalipanda polepole yakichezesha punje za mchanga mweupe. Nikachovya kidole, nikaonja: chumvi kwa mbali. Kumbe hata Septemba, na kamba inasoma fundo la 10, yalikuwa pale pale chini ya miguu yetu yanangoja. Yalipofika kimo cha kiganja yakasimama. Sote watatu tulisimama tukiyaangalia bila kuambiana kitu.

Ilikuwa wakati huo, nikisafisha lile tundu, nilipogusa chuma. Kijiko. Kijiko cha chai, chenye ua kwenye mpini. Halafu kingine.

Nilivijua kabla sijavisuuza. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunavitupa upande wa kina kirefu na kuvizamia, anayetoka navyo vingi ni bingwa. Visivyopatikana tulivisahau. Shangazi hakusahau. Alimkata dada wa kazi mshahara, mwezi baada ya mwezi, na dada yule akaondoka kwao Korogwe akiwa ameshaitwa mwizi, na sisi tulikuwa tumesimama mlangoni tumelowa, nywele zinachuruzika, tukimwangalia anafunga kanga yake.

Jioni nilimpigia shangazi kumpa ripoti: kamba, vali, samaki. Kisha nikamwambia kuhusu vijiko.

"Vingapi?"

"Saba."

Kimya. Nasikia televisheni yao ya Tanga inasoma taarifa ya habari.

"Vilikuwa vinane," akasema. Kisha: "Wa Korogwe nitamtafuta mimi. Wewe usiingilie."

Kazi iliyobaki ilikwenda haraka, kwa sababu bwawa tupu halitakiwi kupigwa na jua siku nyingi, plasta na grauti zinapasuka. Siku mbili za brashi na klorini. Ule mstari mweupe wa chokaa ukingoni ulitolewa siku nyingine kabisa, kwa asidi iliyotiwa ndani ya maji (asidi kwenye maji, si maji kwenye asidi), baada ya kusuuza klorini yote, kwa kuwa hizo mbili zikikutana zinatoa hewa ya kuua mtu. Marumaru 31 mpya. Vali mpya. Mota, hatimaye. Kisha maboza matano ya lita 10,000, laki na ishirini kila moja, na nikaandika matumizi yote kwenye daftari nililomtumia shangazi picha yake. Hakujibu kuhusu fedha. Alijibu kwamba amepata namba ya Korogwe.

Jana, Jumatatu, mvua za vuli zimeanza vizuri. Ujumbe wa mama jirani uliingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hata sijatoka kitandani:

"Leo fundo la 7. Umeshajaza?"